Cheti Kilichotiwa Saini na Sikujua

Gunia lilifika saa mbili, umande wa Uyole bado mgongoni,
limeshonwa kwa kamba ya bluu, lina lebo ya dhahabu:
HABASODA HALISI YA MAKETE. DAWA YA MARADHI YOTE.
Aliyelileta, Andulile wa Mwanjelwa, hakukaa.
Alisema ana mzigo mwingine stendi.

Bibi yangu angeimaliza kazi hii kwa vidole vitatu:
angesugua, angenusa, angetafuna punje moja
na kutema, au kutotema.
Mimi nina mizani inayoshtuka nikipumua,
nina kinu, nina vichupa vidogo kama meno ya mtoto,
na mashine ambayo umeme ukikatika
husahau yote iliyoambiwa, kama mlevi.

Nasaga. Nayeyusha. Nachuja. Nasubiri.

Mvuke wa mafuta hupita ndani ya uzi wa kioo
kila kitu kwa mwendo wake, chepesi mbele, kizito nyuma,
kama watu wanaopanda Loleza Jumapili,
na kila kinapofika juu, mstari hupanda, hushuka.
Habasoda ya kweli naijua kwa vilele vyake
kama mtoto wa Tukuyu anavyoujua Rungwe
hata ukungu ukiufunika hadi kiunoni.
Ya Makete, iliyokomaa kwenye baridi ya kupasua mabomba,
ina kilele kirefu dakika ya kumi na moja
na kijukuu chake pembeni.

Leo dakika ya kumi na moja imepita tambarare
kama Usangu wakati wa kiangazi.
Kilima kimoja tu, cha aibu.
Narudia. Usangu.
Narudia tena, Usangu.

Ndipo nikafanya ambalo mwongozo haukuliandika:
nikachota punje kutoka mfuko wa akiba, nikazitazama kwa lenzi.
Nyeusi, ndiyo. Zenye pembe, ndiyo.
Lakini mikunjo ile naijua. Hizi nimezilalia.

Ruaha Mbuyuni, kifuko cha mbegu za vitunguu
kilikaa chini ya kichwa changu usiku kucha,
maana panya wa ghalani hawakuthubutu kuamsha mtoto.
Baba alizipima kwa kizibo cha soda,
kizibo kwa kizibo, hadi zikawa ada,
zikawa sare, zikawa koti hili jeupe.

Basi sikuweza kuziita takataka.
Kitunguu hakina kosa. Kosa ni jina walilokivika,
na yule mama wa Iyunga anayepima kijiko asubuhi na jioni
akimhesabia mwanawe siku za kupona.

Andulile alirudi saa kumi, kofia mkononi.
"Dada, hiyo mashine imewahi kufika Makete?"
Hapana, nikasema. Na Makete haijafika kwenye gunia.
Akacheka kidogo. Akasema na yeye aliuziwa.
Labda ni kweli; mashine haipimi hilo.
Akasoma cheti mpaka chini, akakwama:
*Imethibitishwa na Sikujua Kalinga.*
Akanitazama.
"Sasa, Sikujua, umejuaje?"

Jina alinipa mama, mwaka ambao mto ulibeba bustani yote
na majirani wakamuuliza, mbona mlipanda bondeni?
Jibu lake likawa mimi.

Sikumwambia. Niligonga mhuri.

Punje nane nilizobakiza nilizifukia kwenye kopo la rangi,
dirishani, Forest, panapoingia jua la saa tatu.
Siku ya kumi na mbili zikatoka tano,
kila moja imekunja goti, kichwa bado udongoni,
kama mtu anayechomoa mguu kwenye tope.
Nikabana ncha ya mmoja, nikanusa, kama bibi.
Kisha nikaandika kwenye kopo, kwa kalamu ya maabara:
VITUNGUU.
Na chini yake, kwa herufi ndogo, kwa kuwa ndio ukweli:
vilikotoka, bado sijui.